Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: Tafakari juu ya Wanyama wa Maabara



Ndugu msomaji, ipo methali tunayoitumia sana bila kuisikiliza vizuri: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa kawaida tunaisema tunapotaka kumsifu mtu tusiyekubaliana naye, kwamba pamoja na yote, hapa alifanya jema. Lakini maneno yenyewe yana uzito zaidi ya hapo. Yanasema kwamba hata unapomshinda aliye dhaifu, hata mkono wako ukiwa shingoni mwake, bado kuna kitu anachokudai. Katika tafakari hii nauliza: mnyama aliyefungiwa katika maabara ya chuo kikuu anatudai nini? Na mtu anayeamua kumpigania, ampiganie kwa njia gani?

Swali hili lilinifikia darasani. Muhula uliopita, katika somo la Falsafa ya Maadili, mwalimu alituandalia mdahalo: chuo kikuu kina haki, au hakina haki, ya kufanya majaribio kwa wanyama? Majandokasisi tuligawanywa kwa kura, nami nikaangukia upande wa kuwatetea wanyama. Wenzangu walicheka sana. Mmoja akaniuliza, "Frateri, utawatetea panya waliomaliza mahindi yetu stoo?" Nilikuwa na wiki mbili za kujiandaa. Niliona nisiongee mambo ya hewani, nikatafuta chuo kikuu kimoja ambako ugomvi huu ulitokea kweli. Nikakipata Oxford, Uingereza.

Yaliyotokea Oxford

Mwanzoni mwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Cambridge kiliachana na mpango wa kujenga kituo cha utafiti wa ubongo ambacho kingetumia tumbili. Wanaharakati waliokuwa wakiupinga mpango huo waliona wameshinda. Hawakwenda nyumbani kupumzika. Waligeukia Oxford, ambako chuo kikuu kilikuwa kinajenga jengo jipya la wanyama wa utafiti kwenye barabara ya South Parks. Kampeni yao iliitwa SPEAK. Walisimama na mabango, wakaandamana, wakatumia vipaza sauti. Julai 2004 kampuni iliyokuwa inajenga ilijitoa kutokana na vitisho, na ujenzi ukasimama kwa zaidi ya mwaka mmoja. Chuo kikaenda mahakamani na kupata amri ya kuwawekea waandamanaji mipaka ya mahali na muda. Kazi ilipoanza tena mwishoni mwa mwaka 2005, jina la mkandarasi mpya lilifichwa ili asifuatwe.

Kisha kikatokea kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Kijana wa miaka 16, Laurie Pycroft, aliwaona waandamanaji hao Januari 2006, naye akaandika bango lake la kuunga mkono ujenzi. Kutokana na bango hilo likazaliwa kundi la Pro-Test, na tarehe 25 Februari 2006 mamia ya wanafunzi, walimu na wananchi waliandamana barabarani wakitetea utafiti. Mmoja wa waliozungumza siku hiyo alikuwa Tipu Aziz, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, mzaliwa wa nchi ambayo leo tunaiita Bangladesh. Aziz alikuwa akiwatibu watu wenye ugonjwa wa Parkinson, ule unaomfanya mtu atetemeke mikono hata ashindwe kushika kikombe cha chai. Tiba hiyo hupitisha nyaya nyembamba za umeme ndani kabisa ya ubongo. Sehemu ya ubongo inayofaa kuguswa ilijulikana kwa msaada wa tumbili ambao kwanza walipewa kemikali ya kuwaletea hali inayofanana na ugonjwa huo.

Kwa hiyo katika mji mmoja kulikuwa na makundi mawili, na yote mawili yalisema yanasukumwa na huruma. Hawa walimwona tumbili. Wale walimwona mzee anayetetemeka. Wengi wa waandamanaji wa pande zote mbili walikuwa watu wa amani. Lakini wapo waliochagua moto. Mwaka 2006 na tena mwaka 2007 mabomu ya petroli yalitegwa katika majengo ya vyuo viwili vya Oxford, na baadaye mmoja wa viongozi wa kampeni ya SPEAK alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kula njama ya kuchoma moto. Jengo lenyewe lilikamilika na likafunguliwa mwaka 2008.

Jina lililonirudisha nyumbani

Nilipofika hapo katika maandalizi yangu niliweka kalamu chini. Jina la Oxford nilikuwa nimelisikia mahali pengine.

Mdogo wangu wa kike alifariki kwa malaria akiwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Homa ilianza jioni, usiku akaanza kupata degedege, na tulipofika kituo cha afya kulikuwa kumekucha na mambo yamekwisha. Hakuna jipya katika habari hii. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuongeza jina la mtoto anayemfahamu yeye. Malaria bado inaua watu zaidi ya laki tano kila mwaka duniani, wengi wao watoto wa Afrika wasiofikisha miaka mitano.

Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya malaria iitwayo R21. Chanjo hiyo iliandaliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Jaribio lake kubwa lilihusisha watoto zaidi ya 4,800 katika nchi nne za Afrika, na miongoni mwa vituo vyake vilikuwemo Bagamoyo nchini Tanzania na Kilifi nchini Kenya. Lakini kabla haijamfikia mtoto yeyote wa Bagamoyo au wa Kilifi, ilijaribiwa kwa panya. Ndivyo njia ya chanjo karibu zote ilivyo.

Basi hali yangu ikawa hii: nilipangiwa kuwatetea wanyama dhidi ya chuo kikuu ambacho kimetafuta, na kupitia wanyama haohao, njia ya kuwaokoa watoto kama mdogo wangu. Ningeweza kumwomba mwalimu anibadilishie upande. Sikumwomba. Niliona kwamba kama hoja ya kuwatetea wanyama ina ukweli ndani yake, ni lazima iweze kusimama hata mbele ya kaburi lile dogo. Na kama haiwezi kusimama pale, haifai kusimama mbele ya darasa.

Mizani ya wanafalsafa

Katika mwaka wa kwanza wa falsafa tulimsoma René Descartes, aliyeandika mwaka 1637 kwamba wanyama ni kama mashine: wanatembea na kutoa sauti, lakini hakuna roho yenye akili ndani yao. Mtu aliyekulia kijijini hawezi kuyakubali hayo kirahisi. Ukishamsikia mbuzi aliyevunjika mguu, hoja ya mashine inakuwa ngumu kumeza. Jeremy Bentham, Mwingereza, alisema katika mwaka 1789 kwamba tusiulize kama mnyama anaweza kufikiri au kusema, tuulize kama anaweza kuteseka. Swali hilo ndilo Peter Singer alilolijengea kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ukombozi wa wanyama, kitabu ambacho wanaharakati wengi wamekichukua kama msingi wao.

Singer huyo anaonekana katika filamu ya BBC ya mwaka 2006 iliyohusu mzozo wa Oxford. Humo Aziz alimweleza jinsi tumbili wachache walivyotumika na wagonjwa wengi wakapata nafuu. Singer alikubali kwamba utafiti wa namna hiyo ungeweza kuhalalishwa. Wapo waliomwona kama mtu aliyewageuka wenzake, ila kwa mizani yake alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu mizani yake inapima jumla ya maumivu na jumla ya nafuu. Tatizo langu na mizani hiyo liko kwingine. Singer anadai pia kwamba anayemtumia mnyama ajiulize kama angekuwa tayari kumtumia binadamu mwenye uwezo wa akili ulio sawa na wa mnyama huyo. Na katika maandishi yake mengine amefika mbali zaidi, akitetea kwamba inaweza kuwa halali kukatisha uhai wa baadhi ya watoto wachanga wenye ulemavu mkubwa.

Kila Jumamosi, katika utume wetu, mimi na frateri mwenzangu tunakwenda katika kituo cha watoto wenye ulemavu kinacholelewa na masista. Yupo mtoto mmoja pale ambaye kazi yangu ni kumlisha uji. Hasemi. Hanifahamu kwa jina, na sidhani kama ananikumbuka kutoka Jumamosi moja hadi nyingine. Nikitumia mizani ya akili peke yake, yupo tumbili atakayemzidi. Lakini nikimshika kichwa ili asipaliwe, siwezi kusema kwamba thamani yake inategemea mtihani ambao hawezi kuufanya. Maandiko Matakatifu yanasema binadamu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, na hayakuweka sharti la kujua kuhesabu. Huruma kwa tumbili isigharamiwe na mtoto huyu. Hapo ndipo ninapoachana na Singer.

Hata hivyo sirudi kwa Descartes. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba mtu anayezoea ukatili kwa wanyama yuko hatarini kuuhamishia kwa binadamu. Hoja hiyo ni nzuri, lakini inamwangalia mnyama kama uwanja wa mazoezi wa tabia zetu. Mama Kanisa amesogea mbele zaidi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418, inatukumbusha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, naye anawatunza kwa maongozi yake, nao kwa kuwepo kwao tu wanamtukuza. Majaribio ya kitabibu na ya kisayansi kwa wanyama yanakubalika, mradi yabaki katika mipaka ya busara na yasaidie kutibu au kuokoa maisha ya watu. Kumtesa mnyama au kumuua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu mwenyewe. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa mwaka 2015, Laudato si’, yaani Sifa iwe kwako, alieleza kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele za Mungu, na kwamba lengo la mwisho la viumbe vingine si sisi binadamu.

Swali la mdahaloni

Siku ya mdahalo nilisema hayo yote kwa dakika zangu kumi. Sikudai kwamba majaribio yote yakome. Nilidai kwamba chuo kikuu hakina haki ya kuyafanya kwa mazoea: kwa sababu kibali kipo, fedha ipo na panya ni rahisi kupatikana. Haki hiyo inapaswa kuombwa upya kila mara, mbele ya watu wenye ujasiri wa kukataa. Nilieleza pia kanuni tatu ambazo Russell na Burch, wanasayansi wawili wa Uingereza, walizitoa mwaka 1959: kutafuta njia mbadala isiyotumia mnyama, isipopatikana, kupunguza idadi ya wanyama, na kwa wale watakaotumika, kuboresha mbinu ili maumivu yawe madogo iwezekanavyo.

Ndipo frateri mmoja wa upande wa pili, anayeifahamu habari ya mdogo wangu, akasimama akaniuliza kwa upole, "Frateri, hayo uliyosema utamwambiaje mama yako?"

Darasa lilinyamaza. Nilimjibu kwamba ningemwambia ukweli wote: kwamba chanjo ile ina thamani kubwa kuliko panya waliokufa, na kwamba panya hao walikufa kweli. Ningemwambia kwamba mtu anayeitetea maabara huku akikataa kusema mle ndani kuna maumivu hajawa mkweli. Na anayeipinga huku akikataa kusema kwamba watoto fulani watazikwa ikiwa atashinda, naye hajawa mkweli. Kila msimamo una gharama yake, na ni lazima anayeushika aitaje gharama hiyo kwa mdomo wake mwenyewe.

Mwalimu hakutangaza mshindi. Lakini nilipokwenda likizo nilimwambia mama kweli, jioni, tukiwa tunachambua mchele. Nilimweleza habari za Oxford, za tumbili na za panya. Alisikiliza bila kuacha kazi yake. Alipozungumza aliuliza jambo moja tu: "Hao panya, wanawapa maji?"

Msomaji asione swali hilo ni dogo. Nyumbani kwetu, kuku wa kuchinjwa hupewa maji kwanza. Watoto hatukuruhusiwa kumchezea, wala kisu hakikunolewa mbele yake. Mama hajasoma Katekisimu namba 2418, lakini anajua kwamba kuwa na haki ya kuchinja hakukupi haki ya kudharau.

Kupigania bila kuwasha moto

Je, mkristo anaweza kufanya kampeni ya kutetea wanyama? Ndiyo, na wapo waliotutangulia. Mtakatifu John Henry Newman, akiwa bado Mwanglikana hukohuko Oxford, alitumia katika mahubiri yake mateso ya wanyama wasioweza kujitetea ili kuwafundisha watu kuyatafakari mateso ya Kristo asiye na hatia. Kardinali Henry Edward Manning, Askofu Mkuu wa Westminster, aliunga mkono waziwazi chama kilichoanzishwa London mwaka 1875 na Frances Power Cobbe kupinga upasuaji wa wanyama hai. Na Manning huyohuyo, mwaka 1889, akiwa mzee wa miaka 81, ndiye aliyesaidia kupatanisha mgomo mkubwa wa makuli wa bandari ya London, maskini waliokuwa wakidai kuongezewa ujira wao mdogo.

Nampenda Manning kwa sababu hiyo. Huruma yake kwa mbwa aliyefungwa mezani haikumpunguzia hata kidogo huruma kwa kuli mwenye njaa. Huruma ya kweli ni kama moto wa jikoni, unaweza kuuchukua ukawashia jiko la jirani na la kwako lisizimike. Yule anayetega petroli kwenye jengo la chuo, ambalo huenda mlinzi wa usiku amelala ndani yake, amekwisha kuiacha huruma iliyomtoa nyumbani. Amefanya jambo lilelile analoishutumu maabara kwa kulifanya: ameuchukua uhai wa mwingine kama chombo cha kufikia lengo lake.

Lakini mnyonge mnyongeni: bila kelele za wapinzani wa miaka mingi, je, sheria zingekuwepo? Uingereza ilitunga sheria yake ya kwanza ya kusimamia majaribio haya mwaka 1876, baada ya mapambano ya watu kama Cobbe. Sheria ya mwaka 1986 inataka madhara kwa mnyama yapimwe dhidi ya faida inayotarajiwa kabla kibali hakijatolewa. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Tumshukuru mwanasayansi anayetafuta chanjo, na tumshukuru pia anayesimama nje ya lango lake kwa amani akimkumbusha kwamba kilichomo ndani ya kizimba ni kiumbe cha Mungu.

Sehemu yetu

Pengine unasema, "Frateri, hayo ni ya Oxford. Parokiani kwetu hakuna maabara." Ni kweli. Lakini Jumapili ukitoka Misani, pita sokoni. Utawaona kuku waliofungwa miguu na kuning'inizwa kwenye baiskeli vichwa chini, kilomita baada ya kilomita, juani. Utamwona punda mwenye kidonda mgongoni, na mzigo umewekwa juu ya kidonda hichohicho. Hakuna ugonjwa unaotibiwa kwa mateso hayo. Hakuna mtoto anayeokolewa nayo. Ikiwa tunadai kwamba panya wa Oxford afe kwa sababu nzito, basi punda wetu anapigwa kwa sababu gani?

Napendekeza tuanze na mambo matatu madogo. Kwanza, wanaofuga na wanaosafirisha mifugo katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo wazungumzie jambo hili waziwazi, kama tunavyozungumzia utunzaji wa miti. Pili, wazazi wasiwaache watoto wachezee uhai wa ndege na mijusi kwa manati. Mkono huo unajifunza kitu. Tatu, siku unapompeleka mtoto kliniki kuchanjwa, mshukuru Mungu kwa chanjo hiyo, na usisahau kwamba kuna kiumbe kidogo kisichokuwa na sauti kilichotangulia kuipokea. Mungu ambaye, kama Yesu alivyotufundisha, hamsahau hata shomoro mmoja, hajamsahau huyo. Sisi tulionufaika naye tuna sababu gani ya kumsahau?

Mimi bado ni mwanafunzi, na safari ya falsafa ni ndefu. Nikijaliwa kuwa padre, najua nitazika watoto, na nitaombea kila utafiti unaoweza kupunguza idadi ya majeneza madogo. Nitaomba pia wanaoufanya wasije wakaacha kuuliza kama wanyama wao wamepewa maji.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.